Mwalimu Kornelio na Redio ya Darasa la Tano

Mwalimu Kornelio Bonaventura alikuwa na sauti ambayo watu wa Nambudi waliifuata kuliko kengele ya shule. Kijiji chetu kiko chini ya mteremko wa Rondo, na miaka ile ndiyo kwanza tulikuwa tumehamia pale, kila ukoo umeacha mikorosho yake ya zamani na kuja kujipanga kwenye mstari wa nyumba mpya. Shule ilijengwa kwa miti na udongo. Madirisha yalikuwa matundu tu. Mwalimu Kornelio akianza kufundisha hesabu, akina mama waliokuwa wakipalilia mihogo ng'ambo ya bonde walisikia kila neno. Mama yangu alijifunza kuzidisha kwa namba saba hivyo hivyo, jembe mkononi, bila kuingia darasani hata siku moja.

Hakuwa mtu wa kwetu. Alizaliwa Newala, juu kwenye uwanda wa Makonde, akasomeshwa na wamisionari, akapata ualimu na kuletwa kwetu pamoja na mkewe, Martina. Mtoto wao mmoja, Rafaeli, alikuwa anasoma sekondari Mtwara. Walikuwa Wakristo katika kijiji cha Waislamu, na hilo halikuwahi kuleta neno. Mwezi wa Ramadhani Mwalimu hakunywa maji mbele yetu, ingawa hakuna aliyemkataza. Alikuwa mkali, lakini ukali wake ulikuwa mdomoni. Fimbo yake alionyeshea ubaoni.

Sauti yake ilianza kuharibika mwaka wa sabini na tano, wakati wa kuokota korosho. Mwanzoni ilikuwa kama mtu mwenye mafua. Tukamwona anatafuna tangawizi. Akawa anameza mate kwa shida, anaweka mkono kooni, halafu anaendelea. Baada ya sikukuu za mwisho wa mwaka alirudi darasani na sauti nyembamba, yenye mikwaruzo, ikawa waliokaa nyuma hawasikii.

Mimi nilikuwa darasa la tano mwaka uliofuata. Tulikuwa wengi, tumebanana watatu watatu na wengine wamekaa chini, kwa sababu watoto wa koo zote sasa walikuwa kijiji kimoja. Walimu walikuwa wachache, na mmoja wao alikuwa amehamishwa bila mwingine kuletwa. Mwalimu Kornelio alifundisha darasa letu masomo yote isipokuwa Kiingereza.

Nyumba ya Mwalimu ilikuwa hatua chache kutoka nyumbani kwetu, na Mama Rafaeli alikuwa rafiki wa mama yangu. Nilimsikia akilalamika wakiwa wanatwanga.

"Namwambia, Baba Rafaeli, nenda hospitali. Ananijibu, nikienda watanilaza, nikilazwa darasa litabaki na nani?"

"Hilo ndilo jibu lake?" mama akauliza.

"Ndilo analolisema. Mimi naona anaogopa. Mwalimu bila sauti ni nani? Hajui kazi nyingine."

Katika hali hiyo ndipo redio ilipokuja. Lori la wilaya liliishusha siku ya Jumatatu pamoja na chaki na sabuni za shule. Afisa mmoja wa elimu kutoka Lindi, kijana mwenye suruali iliyonyooshwa vizuri, alimkabidhi Mwalimu Mkuu, Mzee Hasani Likwata, mbele yetu sote. Alitueleza kwamba kuanzia siku hiyo mtoto wa Nambudi atasoma kwa mwalimu yule yule anayemsomesha mtoto wa Dar es Salaam. Tulipiga makofi. Redio ilikuwa kubwa kuliko zile za nyumbani, ya rangi ya majivu, na ilikula betri sita kubwa, zile tulizoziita mawe. Waya wake ulipitishwa dirishani na kufungwa juu ya mti. Wazee walikuja kuiangalia kama mtu anavyokwenda kumwona mgeni.

Mwalimu Kornelio aliipokea kwa furaha kuliko mtu mwingine yeyote. Sasa namwelewa. Kila asubuhi kulikuwa na kipindi cha shule, mara Jiografia, mara Kiswahili, mara Historia. Aliifungua, akaiweka juu ya meza, naye akasimama pembeni amefunga mikono. Dakika zile koo lake lilipumzika. Kipindi kikiisha alituandikia ubaoni yale tuliyosikia, tukanakili, hakuhitaji kusema. Watu wa kijijini walisema darasa la tano linasomeshwa na serikali yenyewe.

Nasi tuliipenda. Sauti ya mtangazaji ilikuwa nzuri, safi, na asubuhi haikuwa na mikwaruzo ya kituo cha mbali. Tuliposoma habari za reli, tulisikia gari moshi lenyewe likipiga honi, na hakuna mtoto aliyebaki ametulia. Hayo Mwalimu Kornelio hata akiwa na sauti yake yote asingetupa.

Lakini kulikuwa na jambo moja. Mtangazaji aliuliza maswali. Aliuliza, kisha akanyamaza kidogo ili tujibu, kisha akasema, "Vizuri sana, watoto!" na kuendelea. Wiki za kwanza tulijibu kwa nguvu zetu zote, na tulijisikia fahari kusifiwa kutoka mbali namna ile. Aliyegundua ni Dadi, mvulana aliyerudia darasa na aliyekuwa hana cha kupoteza. Siku moja redio iliuliza ni mto gani mkubwa unaomwaga maji yake baharini kaskazini ya Kilwa. Tulipokuwa tunatafuta jibu, Dadi akajibu peke yake kwa sauti ya kiungwana kabisa:

"Muhogo!"

"Vizuri sana, watoto!" redio ikasema.

Darasa lilipasuka kwa kicheko. Tukamtazama Mwalimu, tukingoja adhabu. Hakumwadhibu Dadi. Alisimama pale pale, akaitazama redio, kisha akatutazama sisi mmoja mmoja. Uso wake ulitufanya tuache kucheka wenyewe, mmoja baada ya mwingine, mpaka akabaki mtangazaji peke yake anayezungumza.

Baada ya majuma machache yule afisa alirudi, safari hii na wageni, kuona shule inavyosonga mbele. Tulikuwa tumesikiliza vipindi vya ramani. Mgeni mmoja aliuliza ramani ni nini. Tuliinuka wote.

"Ramani ni mchoro unaoonyesha mahali kama panavyoonekana kutoka juu!"

Akauliza alama za ramani. Tulizitaja zote, mto, barabara, reli, bandari, hospitali, kwa utaratibu ule ule wa redioni na hata kwa vituo vile vile. Wageni walifurahi. Afisa alimpa mkono Mwalimu Kornelio na kumwambia kwamba darasa hili litatajwa Lindi. Mwalimu aliitikia kwa kichwa.

Gari lao lilipoondoka alirudi darasani na kuandika ubaoni: Chora ramani ya kijiji cha Nambudi. Akapita katikati yetu akiangalia.

Nakumbuka woga ulionipata. Nilijua ramani ni nini, nilikuwa nimetoka kuwaambia wageni. Lakini penseli yangu haikujua ianzie wapi. Nilichora nyumba yetu kwa mbele, na mlango wake na kuku. Dadi alichora mtu. Mwalimu alifika kwa Maftaha, msichana tuliyemtegemea sote, aliyekuwa akishika kipindi kizima cha redio neno kwa neno na kutusimulia njiani. Mchoro wa Maftaha ulikuwa nadhifu. Kulikuwa na bandari, na reli inapita nyuma ya msikiti.

Mwalimu aliinama. Sauti aliyobaki nayo ilikuwa mnong'ono tu, na darasa zima lilinyamaza ili limsikie.

"Maftaha, reli hii umeiona wapi?"

"Redioni, Mwalimu."

"Hapa Nambudi iko?"

Maftaha aliangalia mchoro wake, akaangalia dirishani. "Haiko, Mwalimu."

"Sasa kwa nini umeichora?"

Maftaha aliufunika mchoro kwa kiganja. Machozi yalimlengalenga. Mwalimu alimgusa begani, akarudi mbele, akakaa kwenye kiti chake. Sikuwa nimewahi kumwona amekaa wakati wa kipindi. Alikaa muda mrefu amejishika koo, na sisi hatukujua kama amekasirika au anaumwa.

Jioni hiyo Mama Rafaeli alikuja kwetu kuomba moto, akakaa kuliko ilivyohitajika. Alimwambia mama kwamba mumewe hajala. Amesema jambo moja tu, kwamba amewaacha watoto miezi miwili na mtu asiyewaona.

Kesho yake tulipofika, redio ilikuwa bado imefungiwa kabatini. Mwalimu alitupanga mstari, akatutangulia kupanda mteremko. Tulipanda kwa njia ya wakata kuni mpaka penye jabali, tukageuka. Kijiji chote kilikuwa chini yetu. Mistari miwili ya nyumba, msikiti, kisima, shule yetu na ule waya wa redio juu ya mti, mashamba ya mihogo, na njia nyekundu iendayo Mtama ikikatiza mikorosho. Wengi wetu hatukuwahi kupaangalia nyumbani kutoka pale bila mzigo wa kuni kichwani. Mwalimu alitunyooshea fimbo kijijini, kisha akatunyooshea chini, palipokuwa na mchanga, akampa Dadi kijiti.

Dadi alichora njia ya Mtama.

"Siyo hivyo," Maftaha akasema. "Njia inapinda kabla ya kisima."

"Inapinda baada."

"Tazama basi! Si ile pale?"

Wote tukatazama. Ilipinda kabla. Dadi alifuta kwa kiganja akachora upya. Mwingine akasema shule imekuwa kubwa kuliko msikiti. Mwingine akauliza, sasa mwembe wetu nauweka au siuweki? Tulibishana mpaka jua likawa kali, na kila tulipokwama tulimtazama Mwalimu, naye aliinua mabega na kutuonyesha kijiji kwa fimbo, tukaangalie wenyewe. Tulishuka tumechafuka, na sidhani kama yupo aliyeshuka hajui ramani ni nini.

Hakuiacha redio. Watu wengine wakisimulia habari hii husema aliitupa, lakini mimi nilikuwepo. Ila alibadilisha namna ya kuitumia. Kabla ya kipindi aliandika ubaoni kitu cha kwenda kuangalia, au kupima, au kuwauliza wazee nyumbani, na kipindi kilipokuja tulikuwa tayari na yetu. Redio ikisema jambo tusilokubaliana nalo tulinong'onezana. Ikiuliza na kukimbilia "Vizuri sana", yeye aliandika swali lile ubaoni, na baada ya kipindi tulirudi nalo mpaka aone kwenye nyuso zetu kwamba tumelipata. Kilipokuja kipindi cha magofu ya Kilwa Kisiwani, mtangazaji alieleza vizuri sana habari za masultani na dhahabu iliyopita pale. Mwalimu aliwahi kuvuka kwa mashua kwenda kuyaona. Wakati redio ikizungumza, alichora ubaoni nguzo na matao ya msikiti mkubwa kwa chaki nyeupe, polepole, na tukawa tunasikia kwa masikio na kuona kwa macho kwa wakati mmoja. Kipindi kile sitakisahau. Alikuwa anatabasamu.

Kabla ya mvua kubwa alitema damu darasani. Mzee Hasani alimpeleka mwenyewe kwenye hospitali ya misheni, na huko wakamwambia koo lake lina uvimbe mbaya, akatibiwe Dar es Salaam. Alikaa huko miezi mingi. Darasa letu lilibaki na redio na Mzee Hasani aliyekuwa akija alipopata nafasi kati ya madarasa mengine mawili. Ilikuwa ama asiifungue redio tukaachwa bila somo, au aifungue akimbilie darasa la saba. Tulikuwa tukiisikiliza. Wakati mwingine tulikuwa tukicheza bao la mchanga chini ya madawati, huku redio inatusifu.

Alirudi tukiwa darasa la sita. Alikuwa amekonda, amefunga kitambaa cheupe shingoni, na chini ya kitambaa kulikuwa na tundu alilopumulia. Sauti ilikuwa imekwenda yote. Tulipomwamkia, "Shikamoo, Mwalimu," aliweka kiganja kifuani na kuinamisha kichwa, na hiyo ndiyo ikawa marahaba yake mpaka mwisho.

Afisa alikuja kwa ajili yake. Kikao kilifanyika kwenye ofisi ya Mwalimu Mkuu, iliyotengwa na darasa letu kwa ukuta wa matete, na tulisikia yote.

"Ndugu Mwalimu Mkuu," afisa alisema, "kwa kanuni mwalimu asiyeweza kusema anastaafishwa kwa ugonjwa. Lakini nimemtetea Ndugu Kornelio. Nimewaambia, shule hii ina redio. Sauti ipo. Atabaki kama msimamizi wa redio. Aifungue, aifunge, atunze mawe. Kufundisha, redio itafundisha."

Alikuwa amekuja kusaidia. Nina hakika na hilo, hata sauti yake ilikuwa na furaha ya mtu aliyeleta habari njema.

Tukasikia chaki ya Mwalimu Kornelio ikikwaruza kibao chake. Mzee Hasani akasoma kwa sauti, polepole, kama asiyetaka kukosea neno.

"Redio haiwaoni."

"Hilo ni kweli, lakini..." afisa alianza.

Chaki ikakwaruza tena.

"Mimi nawaona," Mzee Hasani akasoma.

Afisa akauliza, safari hii kwa upole, mtu atafundishaje bila kusema. Mzee Hasani alimwomba aje asimame nyuma ya darasa la sita.

Walikuja. Hatukuwa tumepangwa, na hatukujua la kufanya. Mwalimu Kornelio aliandika swali la hesabu za sehemu, akampa chaki Maftaha. Maftaha alifanya nusu akakwama. Mwalimu alitutazama, akaona kitu usoni mwa mwingine, akamwita kwa kidole. Yule akaendelea, akakosea. Mwalimu hakufuta. Alisubiri mpaka darasa lenyewe likaanza kuguna, na mtu wa nyuma akasema, "Hapo umegawanya badala ya kuzidisha." Alimpa yule wa nyuma chaki. Somo lilikwenda hivyo, na kelele zilikuwa nyingi kuliko wageni wanavyopenda, na zote zilikuwa za hesabu. Afisa alisimama mpaka mwisho. Alipotoka alimwambia Mzee Hasani kwamba ataandika barua, ila haahidi mengi.

Walimpa muda mpaka darasa letu limalize la saba. Hakuufikia. Ugonjwa ulirudi wakati wa mikorosho kutoa maua, tukiwa ndiyo tumeingia muhula wa mwisho. Mara ya mwisho alipokuja shuleni alikuja na mkongojo, akakaa dirishani kwa nje, akatuangalia tukifanya majaribio ya mtihani. Alipoona mtu amekwama alinyoosha shingo. Ilikuwa lazima Mzee Hasani amwambie aende nyumbani, na alimwambia kwa heshima sana, kama anavyoambiwa mkubwa.

Alifariki siku chache kabla ya mtihani wetu. Padri alikuja kutoka misheni, na waliobeba jeneza walikuwa wazee wa msikitini wakipokezana na wanakwaya wachache waliofuatana na padri. Rafaeli alifika kutoka Mtwara usiku wa kuamkia maziko. Baada ya kuzika, Mzee Hasani alitaka kusema maneno machache kwa niaba ya shule. Alianza, akashindwa, akakaa. Mtu mwingine hakusimama.

Mtihani tuliufanya. Watatu kati yetu tulichaguliwa kwenda sekondari, jambo ambalo halikuwahi kutokea Nambudi. Maftaha hakuwemo. Aliolewa Kilwa Masoko, na nilipomwona miaka mingi baadaye alikuwa anafundisha kisomo cha akina mama. Mimi nimekuwa mwalimu na nimestaafu. Nimeona vyombo vingi vikiletwa madarasani baada ya redio ile, na kila kilipokuja kulikuwa na hotuba na makofi. Vingine vimesaidia, nami sikuwahi kukikataa hata kimoja. Ila kila mara nimeuliza nani atakuwa amesimama darasani kinapowashwa, na anafanya nini kinapozimwa, na mara nyingi aliyeleta hakuwa na jibu.

Mama Rafaeli aliruhusiwa kukaa kwenye nyumba ya shule mpaka korosho zake ziokotwe. Siku ya kuondoka, darasa letu lilikuwa limekwisha kutawanyika, lakini tuliokuwa bado kijijini tulikwenda. Tulimbebea vyombo mpaka barabara ya Mtama, sufuria, kinu, godoro, na kuku wawili kwenye tenga. Lori lilichelewa. Alikaa juu ya kinu chake, akatuuliza majina yetu, mmoja mmoja, na ya wazazi wetu, ingawa alituzoea. Alisema anataka akifika Newala aweze kututaja mbele ya ndugu za Mwalimu.